Kengele Iliyotoka kwa Ruhusa

Itangazwe kwa wakazi wote wa Lubumbashi, wenye majumba ya katikati ya mji na wenye mashamba ya mahindi huku kwetu Annexe, kwamba taarifa ifuatayo inahusu uhalifu mzito kuliko wote uliowahi kutendeka katika nchi ya shaba. Wenye moyo dhaifu wakae chini. Wenye watoto wadogo wawatoe nje.

Kengele ya shule ilipotea.

Ndiyo. Ile ya kutuamsha.

Asubuhi hiyo ya Juni, baridi ikiwa imekaza kama kawaida ya majira hayo, wasichana wa bweni la shule yetu, Lise ya Mtakatifu Bathilde, waliamka jua likiwa limekwisha kupanda juu ya ukuta. Hakuna aliyelia. Wengine walisali sala fupi ya shukrani. Ni Sista Mkuu peke yake aliyesimama chini ya mnara, mikono kiunoni, akitazama mahali palipokuwa na kengele na ambapo sasa palikuwa na mbingu tupu.

Kengele yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilitengenezwa kwa shaba ya Katanga, zawadi ya wafanyakazi wa reli waliosomesha binti zao hapo zamani. Na katika mji huu, shaba ikipotea, polisi hawacheki. Waya wa umeme, bomba, hata vishikio vya jeneza: chochote chenye shaba kikiota miguu, huishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, huyeyushwa, na baada ya hapo hata mama yake hakitambui.

Kwa hiyo alitumwa Inspekta Séphora Kapya wa polisi wa upelelezi.

Tumsifu kidogo, maana anastahili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sweta ya kahawia na viatu visivyotoa sauti. Hakufoka. Aliuliza swali, kisha akanyamaza mpaka ukimya wenyewe uanze kujibu. Nyuma yake alitembea Brigadia Clovis, mwenye pingu kiunoni na hamu ya kuzitumia.

"Alama za vidole?" aliuliza Inspekta.

"Ziko mingi sana, Chef," Clovis alijibu kutoka juu ya ngazi. "Kila muntu alishika hapa. Hata ndege."

"Boriti imekatwa?"

"Hapana, Chef."

"Nati?"

Clovis alichungulia. "Zilifunguliwa. Na tena, Chef... zimepakwa mafuta. Ziko mu kopo, zimepangwa muzuri."

Inspekta alipanda mwenyewe. Alilitazama kopo lile kwa muda, akanusa mafuta, akashuka.

"Mwizi wa shaba anakata," alisema. "Anakata, anavunja, anakimbia. Mwizi gani anapaka nati mafuta ili zisishike kutu?"

"Mwizi mwenye adabu?" Clovis alijaribu.

"Huyu hakuwa anaiba, Clovis. Alikuwa kazini."

Lakini Sista Mkuu alikuwa amekwisha kumpata mkosaji wake. Kengele haiwezi kuruka ukuta. Basi ilipita getini. Getini yuko Papa Mwaba. Basi Mwaba aliipitisha. Na alfajiri hiyo dereva Paulin alikuwa ameondoka na lori la shule kwenda Mitwaba, kuwapelekea masista wenzao madawati. Simu yake haikupatikana, kwa kuwa njia ya Mitwaba ina mashimo mengi kuliko minara ya simu. Basi, alihitimisha Sista Mkuu, Mwaba na Paulin wameiuza.

"Jioni kengele isipoonekana, Mwaba anaenda na ninyi," alisema. "Na ile nyumba ya getini airudishe. Mke wake atafute pa kwenda."

Papa Mwaba alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, kofia mkononi. Alisikia kila neno. Hakujitetea. Alitazama tu nyumba ile ndogo, ambamo mke wake alikuwa akipepeta unga bila habari.

Kazi ya kuandika mahojiano ilimshinda Clovis, ambaye hupiga kompyuta kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe hakimtii. Inspekta akaomba mwanafunzi mwenye mkono mwepesi. Sista Mhazini akampa msimamizi wa chumba cha kompyuta, msichana wa mwaka wa sita wa sekondari, mwenye tabia njema, akili kali na unyenyekevu usio na mfano. Msichana huyo ndiye karani wa taarifa hii. Sifa hizo ameziandika mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitolea.

Wa kwanza kuitwa katika chumba cha kompyuta alikuwa Jephté, fundi wa shule. Aliingia na ovaroli lenye madoa ya rangi na bisibisi mfukoni.

"Jephté, ni weye ulifungua kengele?"

"Ndiyo, Mama Inspekta."

Clovis aliangusha pingu. Karani alisahau kupiga herufi.

"Unakubali?"

"Njo kazi yangu. Niliishusha jana jioni na bantu ba shamba, wakati bote bako kanisani. Tulifunga kamba muzuri, haikugonga hata kidogo."

"Na leo asubuhi watu wanalia kengele imeibwa, weye unanyamaza?"

"Hakuna aliniuliza, Mama. Bote banauliza nani aliiba. Miye sikuiba. Miye nilishusha."

"Nani alikutuma?"

"Programu."

Hapa inabidi kueleza, na karani ataeleza kwa furaha. Shule nyingi huendeshwa kwa kupigiana kelele uani. Yetu huendeshwa kwa Programu ya kugawa kazi. Kila shughuli imechorwa humo kama njia yenye vituo: huyu anaomba, yule anakubali, mwingine anatenda, mwingine anafungua geti. Uzuri wake uko hapa: kituo hakipewi mtu, hupewa cheo. Programu haimjui Jephté, inamjua Fundi. Haimjui Mwaba, inamjua Mlinzi. Fundi akiugua, yeyote atakayewekwa katika cheo hicho ataikuta kazi kwenye simu yake ikimsubiri, kama chakula kilichofunikwa. Mtu huondoka, cheo hubaki, kazi haisimami. Yeyote aliyeibuni alikuwa na kichwa kinachostahili kuvishwa taji.

Kilichotuponza ni adabu. Mwanzoni Programu ilionyesha jina la mtu kando ya cheo chake. Masista walipoiona, walishtuka. Kwetu mkubwa haitwi kwa jina. Kumwona Sista Mkuu ameandikwa jina lake tupu mbele ya wapishi, kama mtoto anayetumwa maji, ilikuwa aibu isiyovumilika. Wakaomba majina yafichwe, vyeo vibaki. Yakafichwa.

"Nani alikubali kengele ishushwe?" aliuliza Inspekta.

"Intendant," Jephté alijibu.

Intendant, kwa wasiosoma kwa masista, ni msimamizi wa chakula na vifaa vyote vya shule. Bila yeye haliingii gunia, haitoki sufuria.

"Jina lake?"

Jephté alimtazama kama mtu aliyeambiwa amtaje mkwe wake hadharani. "Mama... Intendant njo Intendant."

Akaitwa Papa Mwaba. Alikataa kuketi.

"Kengele ilipita getini kwako?"

"Ilipita, Chef. Mu lori ya Paulin. Ilifunikwa na magunia."

"Na ukaiacha ipite?"

"Ilikuwa na bon de sortie."

Alilitamka neno hilo kwa kifua mbele. Bon de sortie ni kibali cha kutoa kitu nje, na katika mji uliolelewa na migodi kibali hicho ni kitu kitakatifu. Babu zetu walipekuliwa mpaka ndani ya viatu getini mwa kampuni. Asiye na kibali hatoki hata na msumari. Mwenye nacho hupita hata akibeba geti lenyewe.

"Ilikuya mu tableti yangu," Mwaba aliendelea. "Ilikubaliwa na Intendant. Ningeizuia, ningekuwa navunja kazi."

"Ilikuwa inaenda wapi?"

"Ile ni kazi ya dereva, Chef. Yangu ni kutoka. Kila muntu na yake."

"Ulimwambia Sista Mkuu hivi?"

"Nilimwambia. Alisema niache kumudanganya, Intendant haiko."

"Hayuko?"

"Sista Mkuu njo anasema. Lakini eko, Chef! Kila siku anakubali, anakatala, anapanga. Ni mukubwa muzuri sana. Zamani, ukiomba kitu, unazeeka. Sasa ukiomba, kinakuya. Hatujamuona tu."

"Hamjamwona kabisa?"

"Chef," alisema Papa Mwaba kwa upole, kama anayemfundisha mgeni, "mukubwa si wa kuonekana."

Inspekta alimwacha aende, akamwita Sista Mhazini. Alikuja na tableti yake kifuani.

"Sista, Intendant ni nani?"

"Hakuna. Alikuwa Bwana Sylvain. Alistaafu baada ya Pasaka, akahamia Kasomeno, anauza samaki. Cheo kiko wazi, hatujapata mtu. Ndiyo maana tunajua Mwaba anatudanganya. Cheo kitupu hakiwezi kukubali kitu."

"Nionyeshe maharagwe ya juzi. Nani aliyakubali?"

Sista alipapasa kioo. "Intendant."

"Pampu ya maji ilipotengenezwa?"

"Intend..." Aliishusha tableti.

"Hamkushangaa?"

"Kazi zilikuwa zinaenda," alisema Sista kwa sauti ndogo. "Nilidhani Sista Mkuu ameweka mtu."

"Na Sista Mkuu?"

"Nadhani alidhani mimi nimeweka. Ni leo asubuhi tu, tulipoulizana, ndipo tulijua hakuna aliyeweka."

"Nani anaweza kuyafichua majina?"

"Mwenye ufunguo wa usimamizi wa Programu."

"Ambaye ni?"

Sista Mhazini alifumba macho. "Intendant."

"Tumukamate!" alisema Clovis, akisimama.

"Nani?"

Clovis akaketi.

Ilikuwa saa ya kusoma kimya darasani. Inspekta alivuta kiti, akaanza kupitia kazi zote zilizopita kwa Intendant asiyeonekana, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mwanamke anayechambua mchele. Karani aliendelea kupiga chapa. Halafu Inspekta akanyoosha mkono.

"Nisomee ulipofika."

"'Hapo ikadhihirika,'" karani alisoma, "'kwamba msimamizi huyo mahiri aliweza kuiondoa kengele bila kuigusa hata kwa ncha ya kidole...'"

"Nilisema 'mshukiwa'."

"Nilitafuta neno lenye heshima, Mama Inspekta."

"Na hapa? 'Kwa busara isiyo ya kawaida.' Nani alitamka hivyo?"

"Ni maelezo ya mazingira."

"Futa."

Karani alifuta. Iliuma.

Maana wizi huo, tuseme ukweli, ulikuwa mzuri. Hakuna aliyevunja kufuli. Hakuna aliyedanganya. Mmoja alifungua nati kwa sababu ni fundi, mmoja alifungua geti kwa sababu ni mlinzi, mmoja aliendesha lori kwa sababu ni dereva, na kila mmoja alilala usingizi wa mwenye haki. Jumla ya kazi hizo njema ilikuwa kengele kutoweka. Hata Inspekta, aliyekwisha kuona wezi wa kila namna, alitikisa kichwa kwa kitu kilichofanana sana na kuvutiwa. Karani alikiona. Hakukiandika.

"Clovis," alisema Inspekta, "njoo uone alivyokuwa akiamua. Maharagwe?"

"Alikubali, Chef."

"Pampu ya mabafu ya bweni?"

"Alikubali. Mbio mbio."

"Taa za chumba cha kusomea?"

"Alikubali."

"Rangi ya nyumba ya masista?"

"Inangojea, Chef. Inangojea toka zamani."

"Mapazia ya ofisi ya Sista Mkuu?"

"Inangojea."

"Divai ya wageni?"

Clovis alikunja uso, akisoma. "Hii alikatala. Mu sababu aliandika: 'Heri walio maskini.'"

Sista Mhazini alitoa sauti ndogo ya koo.

"Intendant huyu," Inspekta aliuliza taratibu, "anakula wapi?"

Clovis alifikiri. Ilikuwa kazi ngumu kwake, na ilionekana. "Mu bwalo ya chakula... na batoto."

"Anaoga wapi?"

Macho ya Clovis yalianza kupanuka.

"Na tena asubuhi, wakati wa masomo, hafanyi kazi hata moja. Anaanza baada ya chakula cha mchana, chumba hiki kinapofunguliwa." Inspekta alifunga ukurasa. Hakumtazama karani. Karani aliona vizuri sana kwamba hakutazamwa.

Inspekta alitoka na Sista Mhazini hadi barazani. Walinong'ona. Waliporudi, Sista aliingia ofisi ya pembeni, akaacha mlango wazi kidogo.

Nje, mambo hayakusubiri. Dirisha la chumba cha kompyuta linatazama geti. Mke wa Papa Mwaba alikuwa amepata habari. Alikuwa akitoa vyombo: sufuria, ndoo, godoro lililofungwa kwa kitenge. Alivipanga ukutani kimoja kimoja, kwa unadhifu, bila kulia, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulitazama. Clovis, aliyekuwa ametumwa huko, alimtia Papa Mwaba pingu. Mzee alinyoosha mikono mwenyewe ili kumrahisishia.

"Tumalize," alisema Inspekta. "Andika: kwa kuwa kengele haijapatikana, na kwa kuwa mlinzi ndiye aliyefungua geti..."

Karani aliandika.

"...mshukiwa Mwaba anapelekwa mahabusu jioni hii. Koma."

Katika pembe ya kioo cha karani kulijitokeza kiboksi kidogo cha kijani. *Intendant: una kazi mpya.* Karani alikifungua kwa ncha ya macho, kama mtu anayechungulia kwenye sufuria ya jirani. *Kumwachisha kazi Mlinzi na kuichukua nyumba ya getini. Kubali. Kataa.*

Karani si mjinga. Aliuona mtego. Ulikuwa mtego mzuri, wenye umbo safi: Inspekta hakuwa na haja ya kumtafuta mtu, aliita tu cheo na kungoja nani ageuke. Usipogeuka, hushikwi. Ni rahisi hivyo.

Lakini Programu ina kanuni yake, nayo karani aliijua vizuri. Kazi isipojibiwa na cheo kilichopewa, hupanda kwa mkubwa anayefuata. Juu ya Intendant yuko Sista Mkuu. Na jibu la Sista Mkuu lilikwisha kujulikana tangu asubuhi.

"Koma," Inspekta alirudia. Kisha akainuka, akaenda dirishani, akampa karani mgongo. Alisimama hapo akitazama sufuria za watu zikipangwa ukutani. Ukimya wake ukaanza kazi yake.

Karani alifikiria mtihani wa taifa. Alifikiria mama yake, aliyelipa shule hii kwa kuuza vitenge sokoni na aliyekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba binti yake ataingia chuo kikuu. Anayefukuzwa mwezi wa mtihani hafanyi mtihani.

Akabonyeza Kataa.

Programu, kama kawaida yake, ikauliza sababu. Akaandika: *Hana kosa.*

Katika ofisi ya pembeni, tableti ya Sista Mhazini ililia mlio mmoja.

"Asante, Intendant," alisema Inspekta, bila kugeuka.

Wasomaji watanisamehe. Taarifa hii imekuwa ikisema "karani" kwa unyenyekevu wa hali ya juu. Karani ni mimi. Intendant pia ni mimi. Jina langu ni Tracy Kasongo, na vidole vyangu vilibaki vimekandamiza kibodi kiasi kwamba herufi za mwisho za taarifa ya polisi zilijiandika zenyewe, "kkkkk", mpaka Inspekta akainyanyua mikono yangu kutoka kwenye kibodi, akaiweka juu ya meza.

"Ulianzaje?" aliuliza.

"Na maharagwe, Mama Inspekta."

"Sema."

"Bwana Sylvain alipoondoka, maombi ya jikoni yalikuwa yanaenda kwenye cheo chake na kukaa humo. Hakuna wa kuyajibu. Tulikula ugali na majani ya maboga, kila siku, mpaka tukaanza kuota tumekuwa mbuzi. Siku moja Sista Mhazini akaniita nimtengenezee kompyuta. Akaniacha peke yangu. Nikajiweka kwenye cheo. Nilitaka kukubali maharagwe tu, halafu nitoke."

"Hukutoka."

"Maharagwe yalifika siku iliyofuata, Mama. Mpishi aliimba. Mtu anatokaje baada ya hapo?"

Sista Mhazini alikuwa amesimama mlangoni. Alitaka kukasirika. Naapa nilimwona akitaka, na nikamwona pia akikumbuka pampu.

"Na kengele?"

Nilikuwa na hotuba. Ilihusu haki za mwanafunzi, afya ya ubongo na mateso ya wafia dini. Ilikuwa hotuba nzuri.

"Ilikuwa baridi," nilisema.

Inspekta alingoja.

"Tunaamshwa bado ni giza. Tunakaa kanisani tunatetemeka, halafu tunaenda kusomea mtihani tukiwa tunasinzia. Nilitaka tulale mpaka mtihani uishe. Ni hilo tu. Kengele haijauzwa. Iko kwenye ghala la mahindi, kule shamba la shule, nyuma ya magunia. Paulin aliishusha huko jana jioni. Dereva alipewa kazi ya kuihifadhi. Fundi alipangiwa kuisafisha. Ingerudi ikiwa inang'aa."

"Ulimpangia kila mtu."

"Ndiyo, Mama."

"Na Mwaba ulimpangia nini?"

Nilitazama dirishani, kwenye godoro lililofungwa kwa kitenge.

"Ulimfikiria wakati unatoa ile bon de sortie?"

"Hapana."

"Sema vizuri."

"Sikumfikiria. Nilifikiria Mlinzi. Ndani ya Programu kuna Mlinzi tu."

"Voilà," alisema Inspekta. "Kazi ulimpa Mlinzi. Pingu amevaa Mwaba."

Sijawahi kupigwa kofi na mtu aliyezungumza taratibu hivyo.

Alifunga vifungo vya sweta yake, akasoma kwa mara ya mwisho kazi za Intendant kwenye kioo, akapumua. "Kituo chetu hakina karatasi tangu mwaka jana," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. "Ningekuwa na Intendant kama weye, ningekuwa nazo. Mtoto mwenye kichwa hiki, anakitumia kuficha kengele." Kisha akamgeukia Sista Mhazini. "Mambo ya shule ni yenu na Sista Mkuu. Mimi nilitafuta shaba, na shaba imepatikana. Lakini kwanza huyu aje nami getini."

"Naweza kumwandikia, Mama Inspekta," nilisema. "Naandika vizuri."

"Najua. Twende."

Njia ya kwenda getini ni fupi. Siku hiyo ilirefuka. Wasichana walikuwa wametoka madarasani, wamejaa barazani, na tayari nilisikia jina langu likipita mdomo hadi mdomo. Clovis alimfungua Papa Mwaba pingu. Mzee akasugua vifundo vya mikono. Mke wake alisimama kando ya vyombo vyake, ndoo mkononi, hajui kama arudishe ndani au aendelee kutoa.

"Papa," Clovis alimwambia kwa sauti ya mtu anayetambulisha mgeni wa heshima, "ulisema haujamuona. Huyu njo Intendant."

Papa Mwaba alinitazama: soksi, sketi ya bluu, wino vidoleni. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Akavua kofia. Akaishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, akainamisha kichwa, kama alivyofanya maisha yake yote mbele ya wakubwa.

"Intendant," alisema. "Tunashukuru. Kazi ilikuwa inaenda muzuri."

Hotuba zote nilizowahi kuzitunga katika maisha yangu zilinikimbia.

"Papa, vaa kofia," nilisema. "Vaa kofia, tafadhali. Miye ni Tracy tu. Kengele ni miye niliitoa. Ni miye nilifanya bakufunge."

Hakuivaa. Alimtazama mke wake, kisha akanitazama tena.

"Sikusikia muzuri," alisema.

Alikuwa amesikia vizuri. Alitaka na mke wake asikie, na wale wote waliojaa barazani. Kwa hiyo nikarudia, kwa sauti.